Mtoto Aliyekosa Hewa Wakati wa Kuzaliwa: Si Ubongo Pekee Unaoumia

Swali: Mwanangu alichelewa kulia. Mbona madaktari wanaulizia mkojo kila mara?

Jibu: Oksijeni inapopungua, mwili wa mtoto huelekeza damu kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali, huku mishipa inayokwenda kwenye figo, utumbo na ngozi ikijibana, na ndiyo maana figo huumia mapema. Muuguzi hupima nepi kwenye mizani, kwa kuwa mkojo usiofikia mililita 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, hasa baada ya siku ya kwanza, ni dalili ya kutiliwa maanani. Kipimo cha damu cha kriatinini, taka ambayo figo huichuja, hakitoshi siku hizo, kwani bado kinabeba kiwango cha mama. Figo nyingi hupata nafuu.

Swali: Kwa nini hajaanza kunyonya?

Jibu: Utumbo uliopungukiwa damu hauvumilii maziwa mengi kwa ghafla, hivyo huanzishiwa kidogo kidogo kwa mpira wa kulishia. Endelea kukamua.

Swali: Ini lake nalo limeathirika?

Jibu: Huenda. Vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovuja kwenye damu ini likiumia, hupanda kwa siku kadhaa kisha hushuka, lakini damu ikishindwa kuganda vizuri, hilo halisubiri.

Swali: Wamempoza mwili. Baridi haitamdhuru?

Jibu: Swali hili ni la haki, maana mtoto mchanga hulindwa dhidi ya baridi. Baada ya jeraha la kwanza, seli za ubongo huonekana kutulia, kisha saa kadhaa baadaye nishati yake huporomoka tena. Kupoza mwili hadi takriban nyuzi joto 33.5 za Selsiasi kwa saa 72, kukianza ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, hulenga kuzuia anguko hilo la pili. Tiba hii hutolewa kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza au kukaribia kutimiza muda wake, katika wodi yenye uangalizi mahututi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh ulikuta vifo vingi zaidi miongoni mwa waliopozwa, kwa hiyo asithubutu mtu kumvua mtoto nguo nyumbani ili kumpoza.

Swali: Apgar, yaani alama ya hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa (0 hadi 10), ilikuwa 3 dakika ya kwanza. Atapata mtindio wa ubongo?

Jibu: Alama hiyo peke yake haitabiri hilo. Degedege, ulegevu na picha ya ubongo ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) hueleza zaidi, na hata hivyo ukuaji wake ufuatiliwe kliniki kwa miaka kadhaa.