Gemu zikifa tutacheza nini? Maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Kaka mambo vipi. Nina banda la gemu hapa Mwanza, mashine nne, PS3 mbili na PS4 mbili, nilianza na moja ya kuungaunga. Sasa kuna jamaa yangu karudi kutoka Dubai ananiambia niziuze fasta kabla hazijawa chuma chakavu, eti watu wote watavaa miwani ya VR, ile inayoziba macho yote unajiona uko ndani ya gemu, na gemu za padi zitakufa kama kaseti zilivyokufa. Usingizi sipati. Niuze? Na kama zinakufa kweli, kinachokuja ni nini ili niwahi?
Mwenye Banda, Mwanza

JIBU: Poa kaka, usiuze, kwanza lala.

Hiyo stori ya miwani sio mpya. Nintendo walitoa ya kwao 1995, Virtual Boy, picha nyekundu kwa nyeusi tupu, watu wakalalamika macho na kichwa vinauma na haukupita mwaka wakaachana nayo. Facebook nao 2014 wakainunua Oculus, kampuni ya kutengeneza miwani hiyo, kwa kama dola bilioni 2, halafu 2021 wakabadilisha mpaka jina la kampuni likawa Meta, wakatuambia huko ndo tunakohamia wote. Apple wakaja Februari 2024 na ya dola 3,499, piga hesabu, hiyo ni zaidi ya milioni nane ya kwetu, unapata bodaboda mbili mpya na hela ya mafuta inabaki. Sasa niambie mtaani kwako umeshamuona nani kavaa?

Mimi nimeivaa mara moja dukani kwa mshkaji. Sponji bado ina joto la jasho la aliyenitangulia, nikarusha ngumi nikagonga feni ya mezani, nasikia watu wanacheka na sioni wanachocheka. Hapo ndo nikaelewa shida iko wapi. Angalia banda lako jioni: wawili wameshika padi, sita wako kwenye benchi wanasubiri zamu, anayefungwa analipa na anatoka, na pale mlangoni kuna mmoja hana hata mia lakini ndo kocha wa wote, “toa pasi! toa pasi wewe! aaah, umeona sasa!” Ukimvalisha mtu miwani benchi zima linakuwa kipofu. Watu hawakulipi kwa ajili ya mashine kaka, wanalipia kubishana, mashine ni sababu tu ya kukutana.

Kwa hiyo usiogope miwani. Ogopa simu. Netflix wenyewe Januari 2019 waliwaandikia wenye hisa zao kwamba gemu ya Fortnite inawashinda wao kuliko chaneli ya TV ya HBO inavyowashinda, maana wanaogombaniwa ni watu walewale na masaa yaleyale. Enzi hizo gemu ndo ilikuwa inaiba muda wa wengine, leo na yenyewe inaibiwa. Madogo wa hapa kwetu niliowazoea kuja na mia tano ya mechi, sasa hivi wanakuja wanakaa benchi lilelile wanaskroli video za sekunde kumi na tano, au mia tano ile wameiweka kwenye mkeka wa kubeti, au mbaya zaidi kwenye ule mchezo wa kandege, kanapaa wanashangilia, kanapotea wanakaa kimya kama wamefiwa. Ukiniuliza kitu gani kimeshaanza kuchukua nafasi ya gemu nitakwambia ni hicho, sikipendi lakini ndo ukweli, na hakijahitaji mashine yoyote mpya.

Ya mbele zaidi ndo inanisisimua. Agosti 2025 Google DeepMind walionyesha kitu cha akili bandia (AI) kinaitwa Genie 3, unaandika sentensi moja tu, labda soko la samaki limejaa maji, na dunia hiyo inatokea unatembea ndani yake hapohapo, hakuna aliyeichora kabla. Walipoionyesha ilikuwa inashika dakika chache tu. Lakini fikiria ikikomaa. Hiyo sio gemu tena kwa maana tunayoijua, hakuna levo, hakuna CD, unaomba kitu kinakuja, unakatiza kinabadilika. Mimi naona ni bibi yangu na hadithi zake za usiku, maana sungura wa bibi alikuwa kila siku anaingia porini tofauti kulingana na nani kalia na nani kasinzia. Nikiambiwa niweke mkeka kwa miaka ishirini ijayo naweka hapo. Na hata hiyo, kama itahitaji bando la kufa mtu, madogo wataifuata kwenye banda la mtu mwenye intaneti na TV kubwa. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Unavikumbuka vibanda umiza vya kuonyesha sinema? Watu walikuwa hawaendi kuangalia sinema, walienda kumsikia Lufufu akiitafsiri na kuongeza chumvi zake. Sinema zikahamia kwenye flashi na simu, wengi wakafunga, ila waliobadilika wakaanza kuonyesha mpira wako mpaka leo, benchi zilezile. Ukitaka ushauri wangu, uza PS3 moja, hiyo inayogandaganda, nunua benchi lingine na feni.

SWALI: Nimesikia siku hizi watu wanacheza kwa kuwaza tu bila kushika kitu. Ni kweli au kamba?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kweli. Januari 2024 kampuni ya Neuralink walimwekea chipu kwenye ubongo mtu wa kwanza, kijana wa Marekani aliyepooza kuanzia mabegani kushuka chini, akawa anasogeza kishale kwa kuwaza, anacheza chess, na gemu ya kompyuta ya Civilization VI akaikesha. Kwake yeye ni maisha kurudi. Ila angalia vizuri, kilichoondoka hapo ni padi, gemu ni ileile tuliyoizoea. Sasa wewe mwenye vidole vyako kumi utoboe fuvu ili ufungwe tatu bila?

SWALI: Vijana mnahangaika na mambo ya mbele, kwani bao lina kasoro gani? Mashimo 32, kete 64, halili umeme.
Mzee wa Baraza, Unguja

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Halina kasoro yoyote na wala sibishi. Hata hao Nintendo walianza 1889 kule Kyoto kama watengeneza karata, na mpaka leo karata zile za hanafuda bado wanaziuza pembeni ya mashine zao, kwa hiyo kipya kuja sio lazima cha zamani kiondoke. Umeme ukikatika hapa kwetu wale madogo wa benchi huwa wanahamia kwenye drafti la vizibo vya soda, kelele zinabaki zilezile. Nikija Unguja nitakutafuta barazani, ila nakuomba unipe mchezo wa namua tu kwanza, ile hatua ya kuanzia bao, maana mtaji, hatua inayofuata, bado unanipiga chenga na kutakata na kutakasia nazichanganya mpaka leo.