Chimbuko la mamluki wa angani ndani ya kurasa 22

Kubana hadithi ya chimbuko la mamluki mwovu katika toleo moja la kitabu cha katuni lenye kurasa 22 kunawezekana, ila usianzie utotoni. Anzia kwenye mkataba: kazi gani, nani analipa, analipa nini. Ubaya wake uzaliwe pale anapokubali kazi ambayo angeweza kuikataa. Wengi huharibu hapa. Wanaua familia yake ukurasa wa 3, kisha kila anachofanya kinageuka kisasi. Huyo si mamluki tena, ni mfiwa mwenye bunduki.

Uamuzi wenyewe uweke ukurasa wa kushoto, wenye namba shufwa, ili msomaji aukute baada ya kufunua. Ukiuweka kulia, jicho linauona kabla hajaufikia. Upe fremu moja kubwa, yaani kisanduku kimoja cha mchoro. Kurasa nyingine fremu 5 au 6 zinatosha, na puto la maneno lisizidi maneno 25 hivi, la sivyo linafunika mchoro.

Upande wa sayansi, kifaa kimoja tu, na kimgharimu. Mkono bandia ambao bado ni mali ya mwajiri unamlazimisha kuchukua kazi inayofuata bila hotuba yoyote. Kiwe na kikomo pia: chaji, joto au risasi. Bila kikomo hakuna mapigano yenye wasiwasi.

Kofia ya chuma inayomfunika uso ije mwishoni. Akiivaa mapema, mchoraji anabaki na mabega na vidole tu vya kuonyesha hisia, na si kila mchoraji anaviweza.