Praktika yako ya kwanza Urusi, usiikimbie

Mwezi Julai, nilipomaliza mwaka wa kwanza wa udaktari pale Kazan, bibi mmoja aliyelazwa wodi ya magonjwa ya ndani alinishika mkono wa koti akaniambia, “Menya toshnit.” Nilikuwa nimepita mwaka mzima wa podfaki, yale masomo ya kuwaandaa wageni kwa Kirusi, na mwaka mwingine wa anatomia kwa lugha hiyohiyo. Mifupa ya kiganja ningemtajia yote. Neno hilo sikulijua. Nikatabasamu, nikamjibu “Khorosho,” yaani vizuri, nikaendelea kusukuma kitoroli cha chakula. Sikufika hata mlangoni, akatapika shukani. Alikuwa ananiambia anasikia kichefuchefu.

Humkumbuka bibi huyo kila mdogo wangu mmoja anaponiandikia: “Dada shikamoo, hii praktika ya likizo nikaifanyie nyumbani?” Praktika ni mafunzo ya vitendo hospitalini, na chuo chetu kilikuwa kinaruhusu kuyafanyia nyumbani. Unasafiri na karatasi zako, hospitali ya nyumbani inasaini na kugonga muhuri, unazirudisha Septemba. Mama anakusubiri, umechoka baridi na chakula cha hosteli, unatamani kusikia Kiswahili asubuhi. Naelewa kabisa. Lakini jibu langu halijabadilika: ya kwanza na ya pili, baki hukohuko.

Kwa mpango tuliosomea sisi, praktika za udaktari zilipanda kama ngazi. Baada ya mwaka wa kwanza unakuwa msaidizi wa sanitari, mhudumu wa wodi. Mwaka wa pili unamsaidia muuguzi wa wodi, wa tatu muuguzi wa chumba cha sindano na dripu, wa nne daktari wa hospitali, wa tano daktari wa kliniki. Wengi wetu tuliiona ile ngazi ya chini kama dharau. “Sikuja Urusi kupiga deki,” mwenzangu mmoja alisema, na alisema kwa uchungu wa kweli, maana kwao alikuwa ameagwa kwa sherehe kama daktari mtarajiwa. Mimi pia nililia siku ya pili.

Lakini fikiria ni nani mgonjwa anaongea naye. Daktari anapita asubuhi, anasimama dakika chache kila kitanda, anaondoka. Anayebadilisha shuka, anayeleta maji, anayemsukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha eksirei na kukaa naye kwenye foleni, ndiye anayeambiwa kila kitu. Na anaambiwa kwa Kirusi cha watu, siyo cha kitabu.

Chukua maumivu tu. Podfaki ilinifundisha “bolit”, inauma, basi. Wodini hakuna aliyesema “bolit” akaishia hapo. Mmoja anasema “kolet”, inachoma kama sindano. Mwingine “noet”, inauma polepole bila kuacha. “Rezhet”, inakata. “Zhzhyot”, inaunguza. “Davit”, inakandamiza. “Lomit”, viungo vinauma kama vimevunjwavunjwa. Nasi kwa Kiswahili tuna maneno yetu: tumbo linakata, kifua kinabana, jino linapwita, nina kichomi. Hakuna anayetufundisha maneno hayo darasani, tumeyapata kwa kuuguza watu nyumbani. Ya Kirusi nayo yanapatikana hivyohivyo. Na si mapambo ya lugha. Mzee anayeshika kifua akasema “davit” unakimbia kumwita daktari, kwa sababu huenda ni moyo. Anayesema “zhzhyot” baada ya kula huenda ana kiungulia tu, ingawa naye usimpuuze. Ukiwa huwezi kutofautisha maneno hayo mawili, alama zako za biokemia hazimsaidii mtu yeyote pale.

Yule bibi ndiye aliyenifundisha. Nilirudi na beseni na shuka safi, nikamwomba radhi. Hakukasirika. Alinirudishia lile neno taratibu, akanifanya nilitamke mpaka likakaa, na kuanzia kesho yake akawa ananipa neno moja kila asubuhi nikipita na chai. Alikuwa Mtatari, kama walivyo wengi Kazan, mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri ya Watatari iliyo ndani ya Urusi. Siku moja nilimpa maji akanishukuru kwa lugha yake: “Rahmat.” Nikasimama. Nikamwambia kwetu tuna neno rehema. Tukaanza kuhesabu: kitabu wao husema kitap, wakati ni vakyt, dunia ni donya, habari ni khabar. Maneno yaliyotoka kwa Waarabu, mengine yakafika huko mto Volga, mengine Pwani yetu. Tangu siku ile wodi nzima ilijua jina langu.

Kuhusu heshima, hapa Mswahili hana sababu ya kukosea. Daktari au muuguzi mkuu haitwi kwa jina lake peke yake, unaongeza jina la baba. Pirogov, yule mpasuaji maarufu wa karne ya 19, alikuwa Nikolai Ivanovich, Nikolai mwana wa Ivan. Angekuwa mwanamke ingekuwa Ivanovna. Ni sawa na bin na binti zetu. Siku ya kwanza uliza majina yote mawili ya kila mkubwa wako, yaandike, na umwambie “vy”, yaani “wewe” ya heshima, kamwe si “ty” unayowaambia wenzako. Nimeona muuguzi mkali akalainika kwa hilo tu.

Jambo linalowaumiza wengi ni mwandiko. Herufi za kuchapwa tunazijua, lakini mafaili ya wagonjwa mengi niliyoyashika yaliandikwa kwa mkono, na huko “t” ndogo inafanana na m yetu, “d” inafanana na g, “i” inafanana na u. Fanya mazoezi ya mwandiko miezi miwili kabla. Mwombe mwanafunzi wa Kirusi akusomee madaftari yake.

Mnaosoma kwa Kiingereza, haya yanawahusu zaidi. Mhadhara utatafsiriwa, mgonjwa hatatafsiriwa. Na msiniambie kwamba nyumbani hakuna anayeumwa kwa Kirusi. Miaka ya juu masomo yenyewe yanafanyika pembeni ya kitanda, na asiyeelewa husimama nyuma ya kundi akiangalia migongo ya wenzake. Nimewaona. Walimaliza na vyeti, wakaja kuanza kujifunza kumuuliza mgonjwa maswali wakiwa tayari intani huku Tanzania.

Sasa karatasi. Dekanati, yaani ofisi ya mkuu wa kitivo, itakupa shajara ya praktika. Ijaze kila jioni, ulichofanya na mara ngapi, na uisainishe kila wiki. Mimi niliacha saini zote hadi mwisho, msimamizi wangu akaenda likizo siku mbili kabla sijamaliza, na Julai nusu ya watu wako kwenye dacha, nyumba zao za mapumziko nje ya mji. Nilirudi pale mara nne kutafuta saini moja na muhuri wa duara. Kijitabu cha afya, vipimo na picha ya kifua, ambayo wao huiita fluorografia, vianze Mei, kwa sababu Juni foleni inakuwa ya chuo kizima. Nunua khalati, yaani makoti meupe ya hospitali, mbili, siyo moja, na viatu vya kubadilisha.

Wakikupenda, waulize kama wana nafasi ya usanitari. Tangu Agosti 2020 mwanafunzi mgeni anayesoma kwa kuhudhuria darasani, katika programu yenye ithibati ya serikali, hahitaji tena kibali cha kazi. Hela ni ndogo, lakini zamu za usiku zitakupa Kirusi ambacho hakuna darasa linalokiuza. Ila usizichukue wakati wa mitihani.

Na tiketi ya kwenda kwa mama, ikate ya Agosti.