Mkuu, futa hiyo "reallocated" kabla hujatuma ripoti

Usiitume kwanza. Umeuliza tofauti ya allocate, distribute, share out na dole out, ukaomba na mfano wa barua pepe ya kuambatanisha, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi uliyobandika: "In phase two, desks were reallocated to three schools." Chini yake umeeleza kwa Kiswahili kwamba madawati hayo ni mapya, yametoka kwa fundi mwezi huu, hayajawahi kupangiwa shule nyingine yoyote. Basi hicho ulichoandika kwa Kiingereza ni habari tofauti kabisa. Mfadhili atasoma kwamba kuna shule zilikuwa zimepangiwa madawati, mkayatoa kwao mkawapa wengine.

Nakwambia hivi kwa sababu yametukuta. Kikundi chetu cha wakulima wa alizeti huku Singida kilipata mbegu za msaada kwa awamu mbili. Za kwanza zilikwenda kwa kaya zilizoorodheshwa kwenye mkataba. Awamu ya pili ikaja shehena mpya kwa kaya za kitongoji cha jirani, nazo zilikuwemo kwenye mkataba uleule. Kila aliyepokea alisaini, asiyejua kuandika alitia dole gumba. Ripoti tukampa mtaalamu wa kulipwa, maana Kiingereza chake kilisifiwa wilaya nzima. Katibu wetu akamwambia, "mbegu tuligawa tena," naye akaandika "the seed was reallocated". Katibu akamuuliza kwa nini asiweke distributed kama kwenye awamu ya kwanza. Akajibiwa kuwa kurudiarudia neno ni uandishi wa kitoto, na kwamba re- maana yake ni "tena", hakuna cha zaidi.

Mkataba wetu ulikuwa na kifungu ambacho nina hakika na wako unacho, maana kimo kwenye mikataba mingi ya ruzuku: ukitaka kubadili walengwa, au kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine kupita kiwango fulani, unaomba kibali cha maandishi kabla. Kibali hatukuwa nacho kwa kuwa hatukuhamisha kitu. Fedha za mashine ya kukamua mafuta zikasimamishwa palepale. Akaja mkaguzi, akafungua daftari la mapokezi, akawa anapita saini moja moja na kuwapigia simu kina mama walioko shambani: "Kuna mtu yeyote alikuja kukunyang'anya mbegu?" Mkuu, hebu pata picha swali hilo likiulizwa kijijini. Kabla ya jua kuzama ilishavuma kwamba viongozi wamekula mbegu. Mwenyekiti wetu, mzee wa watu asiyewahi kudaiwa hata senti, akawa anakwepa kupita sokoni. Ukweli ulipojulikana na fedha kuachiwa, mavuno yalishauzwa kwa madalali kwa bei ya kutupa. Mtaalamu alishalipwa chake zamani, na simu zetu hapokei. Mtu anayeuza Kiingereza asichokijua kwa watu wanaomwamini anafanya dhuluma, na sitaacha kusema hivyo.

Sasa shika hili. Re- hurudi kwenye kitu kilekile. Repaint the wall ni ukuta uleule, rewrite the letter ni barua ileile. Kwa hiyo reallocate na redistribute zinagusa mgao uleule uliokwisha kupangwa au kugawiwa: unaupangua, mmoja anapungukiwa ili mwingine apate. Ndiyo maana Afrika Kusini baada ya 1994 sehemu mojawapo ya mageuzi ya ardhi iliitwa redistribution, kwa kuwa ni ardhi ileile inayobadilisha mikono. Kama mzigo ni mpya, hata ukigawa mara kumi, kitenzi kinabaki distribute, na upya unauonyesha pembeni: distributed a second batch of desks, au distributed a further batch. Kurudia neno hakujawahi kumsimamishia mtu fedha.

Na allocate nayo usiichezee. Hiyo ni kutenga, kitu hakijatoka bado. Wakenya wanalo jambo hili wazi kwenye sheria zao: Division of Revenue Act inagawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa ujumla, kisha County Allocation of Revenue Act inaonyesha fungu la kila moja ya kaunti 47. Hapo magavana bado hawajashika kitu, wanasubiri fedha zitolewe, na wakati mwingine wanasubiri hadi wanapiga kelele. Kwa hiyo kama madawati yameshafika na walimu wakuu wamesaini, ukiandika allocated unajipunja mwenyewe, mkaguzi atauliza yako wapi.

Dole out iondoe kabisa, ina harufu ya kumrushia mtu sadaka.

Andika: "In phase two, a new batch of desks was distributed to three schools." Halafu pekua ripoti nzima, kila penye re- jiulize kama kuna shule iliyonyang'anywa. Ukimaliza bandika hapa tuipitie, niko macho.