Bao, Kanga na Siku Yangu ya Kuzaliwa Mji Mkongwe

Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro, na kila mwaka katikati ya Julai, siku yangu ya kuzaliwa inapokaribia, tunafunga mizigo miwili midogo na kwenda Unguja kwa siku tatu. Desturi hii tuliianza mwaka 2014, na nusura ife mwaka huohuo.

Tulikuwa tumepanga safari ile kana kwamba tunakwenda kuwa watu wengine. Nilikuwa nimeona picha za watu waliokula chakula cha mchana mbele ya bahari, nami nikataka meza kama ile, nguo kama zile na picha kama zile. Hatukutazama kalenda ya Kiislamu, hivyo tukafika katikati ya Ramadhani, na milango ya mikahawa karibu yote tuliyoiulizia ilikuwa imefungwa mchana. Kabla ya hapo bahari ilikuwa imenitapisha, maana Julai ni majira ya kusi na boti ilipanda na kushuka njia nzima. Siku ya pili tulinuniana. Jioni ya siku ya tatu, watu wakiwa wamekwisha kufuturu na kuswali, tulipita mbele ya baraza moja tukakuta wazee wanacheza bao. Mume wangu, ambaye ni mchezaji wa bao tangu ujana wake, alisimama akatazama, akakaribishwa, akafungwa mara mbili mfululizo, akarudi nyumba ya wageni akicheka peke yake njiani. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikisoma majina ya kanga za wanawake waliokuwa wakipita. Saa ile ndiyo iliyoiokoa safari nzima, na kilichoiokoa ni yale mambo mawili tunayoyafanya nyumbani siku yoyote ya kawaida.

Tangu hapo, ushauri wangu kwa wanandoa wanaotaka kuanzisha desturi ya namna hii umekuwa mmoja: kabla ya kuchagua mji, tazameni kwanza mnafanya nini Jumanne jioni. Kama hakuna mnachokipenda pamoja mkiwa nyumbani, hoteli haitawapa.

Kwetu sisi jioni ni ya bao. Nilipoolewa sikujua hata kuhesabu kete, na mwanzoni tulikaribia kugombana kwa ajili ya mchezo huu kuliko kwa jambo jingine lolote. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo moja maalumu, na nyingine 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja, na anayejifunza huhitaji muda wa kutazama ubao kimya kabla ya kutia kete. Mume wangu alikuwa hawezi kunyamaza. Kila nilipoinua mkono aliniambia mahali pa kuweka, na nikishinda nilijua ameshinda yeye. Tukaweka sharti kwamba hakuna kufundishana mpaka mchezo uishe, na sharti hilo limetusaidia hata katika mambo ya jikoni na ya kulea watoto. Sasa ninamfunga, si mara nyingi, lakini ninamfunga.

Anayefungwa hutia shilingi 500 kwenye kibubu. Si kamari, maana hela hiyo hairudi kwa mshindi. Ni ya safari. Tukicheza mara nne kwa wiki, mwaka mzima unatupatia karibu laki moja, ambayo haitoshi malazi wala kila kitu, lakini inatosha kuifanya safari iwe imeanza Agosti badala ya kutuangukia Julai tukiwa hatuna kitu.

Kanga ni zangu mwenyewe, na hapa ningependa kuwaonya wale wanaoamini kwamba kila kipendwacho na mmoja lazima kipendwe na wote wawili. Mume wangu haoni tofauti kati ya pindo moja na jingine, na sikumwoa anifanyie hivyo. (Ndiyo, najua aliyeoa ni yeye.) Anachokipenda ni jina tu, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, na ananisomea kwa sauti kila anapoona jina asilolijua. Mimi hukusanya doti moja kila siku ya kuzaliwa, na jina lake lazima liwe limeufaa mwaka uliopita. Mwaka ambao kazi yangu ilisimama nilichukua iliyoandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mwaka ambao jirani mmoja alitusumbua sana nilichukua USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, nikaivaa mara mbili tu, nikaona aibu, nikaiweka sandukuni.

Kwa hiyo siku yenyewe ya kuzaliwa tunaigawa. Asubuhi mume wangu huketi barazani na wazee, mara nyingi maeneo ya Jaws Corner ambako kahawa chungu na kashata havikosekani, nami huenda peke yangu Darajani na Mchangani kwenye maduka ya kanga. Hakuna anayemharakisha mwenzake. Nimeona wanandoa wengi wakizunguka pamoja kutwa nzima, mmoja akiwa amechoka tangu duka la pili, na jioni hawana la kusimuliana kwa sababu wote wameona kitu kilekile. Sisi tukikutana Forodhani magharibi, kila mmoja ana habari. Mwaka mmoja nilichoka mapema nikaenda kumfuata barazani, na mzee mmoja aliponisikia nikitaja kimbi, jina la mashimo ya pembeni ya ubao wa bao, akageuka akauliza, "Kumbe bibie naye anacheza?" Nikakaribishwa kwenye ubao. Nilifungwa vibaya, lakini kwa heshima.

Anayenunua kanga asikubali kuichagua ikiwa imekunjwa. Ifunuliwe doti nzima, muitazame kwenye mwanga wa nje, kwa sababu mara nyingine rangi za vipande viwili hazilingani, au jina limechapwa likakaribia mno pindo na litaliwa wakati wa kukunga, yaani kushona ukingo. Ulizia bei ukiwa na utulivu, salimia kwanza, na usianze kushindana na mwenye duka kama hukusudii kununua.

Kuhusu wakati wa kwenda, msiifanye tarehe kuwa bwana wenu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, hivyo siku ya kuzaliwa ambayo leo iko mbali nayo itaikuta miaka ijayo. Aliyezaliwa Februari au Machi ndiye anayepaswa kuangalia sasa. Kwenda Unguja wakati wa mfungo si kosa, na usiku wake una uzuri wake, ila ujue mchana hutakula hadharani na upange hivyo. Julai nayo ni msimu wa watalii, na bei ya vyumba hupanda. Miaka mitatu iliyopita tulilipia chumba chote mapema, tukafika tukakuta kimepewa wageni wengine, na mhudumu akatuambia tungoje ukumbini. Tulingoja hadi saa nne usiku. Tangu siku hiyo hulipa sehemu tu, na hupiga simu siku moja kabla ya kuondoka tukamtaja kwa jina aliyepokea hela.

Njia yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Zamani basi lilitumalizia nusu ya siku. Sasa tunaondoka alfajiri na tunafika Dar es Salaam kabla jua halijawa kali. Boti huchukua kama saa mbili. Chukueni vitambulisho, kwa sababu vinahitajika kwenye tiketi, na kama ni majira ya kusi chagueni safari ya asubuhi, mkae chini na katikati ya boti, msile kitu chenye mafuta mengi. Mimi hutafuna tangawizi mbichi tangu bandarini, na tangu mwaka 2014 sijatapika tena.

Picha tunapiga moja tu, mbele ya Ngome Kongwe, kila mwaka mahali palepale. Nyuma yetu hubadilika kidogo: Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyokuwa imesimama pembeni katika picha zetu za mwanzo ilibomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, na picha za miaka iliyofuata zinaonyesha pengo lake. Kwa kweli hatukuanza kupiga picha hizo kwa ajili ya historia.

Kibubu cha mwaka huu tumekifungua jana. Nilipohesabu upande wa daftari wenye jina langu nikakuta nimechangia mara 118, mume wangu 79, na amekwisha kuniomba nisiwasimulie wazee wa barazani kwamba mwaka jana yeye alichangia mara 60 tu.