Mtoto wa malezi ya kambo arudishwe darasa la pili?

Swali: Ninaishi Newala. Mwezi wa tatu Ustawi wa Jamii walinikabidhi mtoto wa kiume wa miaka 11 aliyekuwa makao ya watoto mkoani Lindi, akisoma darasa la nne. Shule ya hapa imempokea kwa mdomo tu, na kwa kuwa hasomi vizuri, mwalimu anashauri arudishwe darasa la pili. Nikubali?

Jibu: Mama, usikubali bado. Tatizo la kwanza ni karatasi, tena lina haraka kuliko la kusoma. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi, na kumbukumbu zake zisipohamishwa kutoka shule ya Lindi, anaweza kukaa darasani mwaka mzima kisha jina lake likakosekana kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii aliyekukabidhi mtoto, ukiwa na barua ya makabidhiano, umwombe afuatilie uhamisho huo pamoja na ofisi ya elimu ya halmashauri. Hiyo ni kazi yake, wala usione aibu kumkumbusha. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya elimu kwa yeyote anayemlea, kwa hiyo nawe unafuatilia jambo hilo kama mlezi, si kama mtu anayeomba msaada.

Kuhusu kusoma, kaa naye jioni na kitabu cha darasa la pili, uzibe picha kwa karatasi, kisha umwombe asome mstari mmoja huku akifuata kwa kidole. Watoto waliohamahama mara nyingi hukariri hadithi na kubahatisha kwa picha. Ukiziba picha utaona kama anakwama kwenye silabi kama "mbwa" na "ng'o", au anasoma maneno yote lakini hawezi kueleza alichosoma. Mwandikie mwalimu ulichokiona, kwa sababu dosari hizo mbili hazifundishwi kwa njia moja.

Mtoto wa miaka 11 akiketishwa na wa miaka 8, aibu humwingiza kwenye utoro, na kwa mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba, kupoteza na rika lake ni mzigo mzito mno. Ninashauri abaki darasa la nne na apewe masomo ya ziada ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ikibidi arudie la nne mwakani, hilo ni afadhali kuliko kushushwa madarasa mawili sasa. Historia yake waijue mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa tu.

Msimu wa korosho ukifika, mwezi wa kumi, ndipo upimaji nao unapokaribia. Kuokota baada ya masomo, kama watoto wengine wa nyumbani, hakuna ubaya, lakini asikose shule hata siku moja kwa ajili ya shamba.

Tunza daftari moja la maendeleo yake: alama, vitabu alivyomaliza, anapokwama. Akihamishwa tena au akirudi kwa ndugu zake, daftari hilo aende nalo, ili mwalimu wa huko asianze naye upya.