Kadi iko kwa waliomkopesha. Ninunue?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Kihonda, Morogoro. Hapa kijiweni kuna jamaa anauza pikipiki, Boxer 150, aliyoitumia mwaka mmoja na miezi minne. Anataka 1,450,000. Nilipomuuliza kadi ya umiliki, kwanza alisema imepotea. Juzi akabadilisha, akasema iko kwenye kampuni iliyomkopesha na amebakiza 650,000. Ananiambia nimpe hela yote akamalize deni aniletee kadi, au nimpe 800,000 zake halafu marejesho yaliyobaki niwe nalipa mwenyewe. Nina laki tisa mkononi, inayobaki ataniongezea mjomba. Jamaa namfahamu, tunakunywa chai pamoja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijakujibu ujue unaongea na nani. Miaka tisa nilikuwa afisa mikopo, na kazi yangu kubwa ilikuwa pikipiki. Nilizitoa kwa watu, na waliposhindwa kulipa nilizifuata. Siku hizi nafuga kuku na kujibu barua zenu, na usingizi ninaupata.

Tuanze na hilo la kadi kupotea. Kadi iliyopotea na kadi iliyoshikiliwa ni vitu viwili mbali kabisa. Iliyopotea, mwenye jina anakwenda polisi kutoa taarifa, anapewa ripoti ya upotevu, anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kuomba nyingine. Iliyoshikiliwa haijapotea. Iko kwenye droo ya chuma, ndani ya bahasha yenye namba ya mkopo. Nimekaa na hiyo droo, naijua. Na nimeona watu wanaokwenda kuapa kwamba kadi imepotea ilhali wanajua ilipo, wapate ya pili wauzie. Sisemi rafiki yako ndiye huyo. Nasema neno la kwanza lililomtoka mdomoni lilikuwa "imepotea", nawe usilisahau. Akija wiki ijayo na kadi mpya inayong'aa bila wewe kuona risiti ya kumaliza deni, kaa mbali.

Mwaka 2017 tulikwenda Chanika kufuata pikipiki iliyokuwa imesimamisha marejesho miezi minne. Tukaikuta kwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa ameinunua kwa 1,200,000 taslimu. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha NIDA. Mauziano yalikuwa yameandikwa vizuri, dole gumba la muuzaji lipo, shahidi alikuwa mama ntilie wa jirani. Niliisoma yote. Ilikuwa na nguvu kati yake na aliyemuuzia, kwetu haikuwa na kitu. Muuzaji hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, na Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya hilo. Yule baba hakupiga kelele. Aliomba atoe koti la mvua la mtoto lililokuwa chini ya siti. Nikamshikia siti akalitoa. Kisha akasaini fomu ya makabidhiano kwa peni yangu.

Kwa hiyo njia zote mbili alizokupa jamaa yako, kataa. Ukimpa yote, deni la laki sita na nusu litategemea ataamkaje siku hiyo. Ukiwa unalipa marejesho mwenyewe, kila risiti itatoka kwa jina lake, na mwisho wa siku kampuni itamkabidhi kadi yeye, kwa sababu wewe hawakujui. Labda kampuni ikubali kuuhamishia mkataba kwako rasmi. Waulize, wengine hukubali na wengine hawataki kusikia.

Njia ninayoiamini ni hii. Nendeni wote wawili ofisini kwao. Kwanza uliza kadi ina jina la nani. Kuna kampuni zinazoandika jina lao mpaka deni liishe, na kuna pikipiki za mkataba ambapo kadi ni ya bosi na anayeuza ni dereva tu anayepeleka hesabu. Halafu omba salio la deni kwa maandishi, lenye muhuri na tarehe. Usishangae 650,000 ikiwa 780,000. Faini za kuchelewa wakopaji huwa hawazitaji kijiweni. Uliza pia kama imefungwa kifaa cha kuifuatilia, kwa maana vingine vinazima injini kutoka mbali, na wakitoe deni likiisha.

Kabla shilingi haijatoka, andikianeni kwa wakili: bei ni kiasi gani, unalipa deni la mkopo namba fulani kama sehemu ya bei, na kadi isipotoka anakudai au unamdai nini. Kisha lipa deni wewe, kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya afisa. Laki tisa yako inatosha kwa hilo. Kadi atapewa yeye, maana ndiye mkopaji, hivyo uwe umesimama hapo hapo kaunta. Hela yake iliyobaki anaipata kadi ikishakuwa mkononi mwako.

Ukiishika, usiishie kusoma jina. Namba ya chasesi imegongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na ya injini iko ubavuni mwa injini upande wa chini. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa grisi, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Ukiona pamepigwa tindo au pamepakwa rangi peke yake, rudisha. Uzima wa injini muulize fundi, mimi ni mtu wa makaratasi.

Baada ya hapo TRA kubadilisha umiliki, wote wawili mkiwa na TIN, ile namba ya mlipakodi. Hapa ndipo vijana wengi hulala, wanazunguka miaka na kadi ya mtu mwingine. Huyo mtu akifariki, ndugu zake wataihesabu kwenye mirathi, na wewe utakuwa unaeleza habari za chai za kijiweni. Angalia pia faini za barabarani kwa namba ya pikipiki, azilipe aliyezifanya.

Jambo la mwisho, piga simu kabla hamjaenda uulize kadi iko tawi la Morogoro au makao makuu. Kama iko Dar, mwambie jamaa yako waiagize kwanza, na hela yako ikae kwako mpaka bahasha ifike. Na msiende Ijumaa jioni. Mwenye ufunguo wa ile droo huwa ameshaondoka.